Kabla hujamlipa mwenye podikasti: hesabu ya tangazo la sauti kwa muuza asali wa Tabora

Wafanyabiashara wa Tabora na Kigoma wanaotaka kutangaza kwenye podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni, huanza na maswali mawili: bei gani, na nani ana wasikilizaji wengi? Yote mawili yana nafasi yake, lakini yanatanguliwa na swali la tatu: mteja wako yuko wapi anaposikiliza?

Kama una duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, Kigoma, au gesti karibu na stesheni ya Tabora, mteja wako yuko mjini hapohapo. Kwako wewe tangazo la podikasti au la muziki wa mtandaoni ni fedha ya kutupa, na sababu ni ya kiufundi. Majukwaa ya muziki na podikasti hukisia mahali alipo msikilizaji hasa kwa kutumia anwani ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti. Simu inayotumia bando haina anwani yake peke yake. Maelfu ya simu hutoka kwenye intaneti kupitia lango moja la kampuni ya simu, na lango hilo mara nyingi husomeka kuwa liko Dar es Salaam. Mtu aliyekaa Kibirizi akisubiri boti anaonekana kama yuko Kariakoo. Ukiagiza tangazo lisikike Kigoma tu, utawapata wachache walio kwenye waifai za ofisi na hoteli, na wengi uliowakusudia watapitwa. YouTube ina nafuu kidogo kwa kuwa Google ina njia nyingine za kujua simu ilipo, lakini hata huko usitegemee usahihi wa wilaya. Kwa mteja wa mjini, redio ya mkoa na gari la matangazo bado vinashinda, tena kwa bei ya chini.

Hali inageuka kwa anayeuza nje ya mkoa: asali ya Sikonge na Urambo, dagaa wa Kigoma, mawese, chumvi ya Uvinza, mchele wa Igunga. Mteja wake yuko Dar, Dodoma, Mwanza na Arusha, na huyo hahitaji kulengwa kwa wilaya. Ukilenga Tanzania nzima kwa Kiswahili inatosha. Kuanzia hapa nazungumza na muuzaji wa aina hii, na mfano wangu utakuwa asali kwa sababu hesabu yake ni rahisi kuifuata.

Sauti za aina tatu, na kila moja ina tabia yake

Ya kwanza ni tangazo linalosomwa na mwenyewe mwenye podikasti. Hili ndilo lenye nguvu kuliko yote kwa mfanyabiashara mdogo, maana msikilizaji tayari ameizoea sauti ile na anaiamini. Linaweza kurekodiwa ndani ya kipindi likabaki humo daima, au likapachikwa na mtambo pale msikilizaji anapopakua au kufungulia kipindi. La kudumu linaendelea kusikika hata mwaka ujao bila malipo ya ziada. La kupachika linaondolewa kampeni ikiisha, ila lina faida ya kuingia hata kwenye vipindi vya zamani ambavyo bado vinasikilizwa. Kwa bidhaa inayopatikana mwaka mzima chagua la kudumu. Kwa bidhaa ya msimu chagua la kupachika, kama mwenye kipindi anatumia huduma inayoliruhusu. Wengi wanaoweka vipindi YouTube pekee hawana njia hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kuzungumzia bei.

Kuna jambo moja linalowasumbua wengi kwenye la kupachika. Tangazo huingia kwenye faili siku ya kupakua, si siku ya kusikiliza. Mtu akipakua kwa waifai ya ofisini mwezi Juni, akaja kusikiliza ndani ya basi mwezi Agosti, anasikia tangazo la Juni. Ofa ya "wiki hii tu" itamfikia ikiwa imeoza.

Aina ya pili ni tangazo linalowekwa na jukwaa lenyewe katikati ya nyimbo. Spotify ilifunguliwa Tanzania Februari 2021, na matangazo yake ya katikati ya nyimbo husikika na wanaotumia bure tu, anayelipia hayasikii. YouTube ina matangazo ya sauti tangu mwishoni mwa 2020, yanayonunuliwa kupitia Google Ads kwa kadi ya benki. Boomplay huja tayari ndani ya simu za Tecno, Infinix na itel, na kwa hiyo iko mifukoni mwa watu ambao hawajawahi kuitafuta. Huku unanunua wingi. Mtu anasikia sekunde 30 akiwa anasubiri wimbo urudi, na hana uhusiano wowote na anayezungumza. Kwa asali ningeweka fedha huku kwa kukumbushia tu, baada ya podikasti kuleta oda za kwanza.

Aina ya tatu ni miksi za madijei. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, inatoa miksi za kupakua zenye matangazo ndani yake. Tangazo lililochomwa ndani ya miksi husafiri nayo: mtu anapakua, anamrushia mwenzake, inaingia memori kadi, inachezwa kwenye bajaji. Huwezi kuhesabu waliosikia baada ya faili kutoka kwenye jukwaa, lakini pia hulipii. Ukitumia njia hii, tangazo lisiwe na tarehe wala bei, maana litaishi kuliko unavyodhani.

Elfu moja ni watu gani?

Bei ya matangazo ya sauti hupangwa kwa kila usikilizaji 1,000. Wenye kazi wanaita CPM. Kabla ya kukubali namba yoyote, uliza imehesabiwaje. Kwa utaratibu wa IAB, chama cha sekta ya matangazo ya mtandaoni, ambao huduma nyingi za kuhifadhi podikasti zinaufuata, upakuaji mmoja ni faili iliyoshuka angalau kiasi cha dakika moja ya kipindi, na kifaa kilekile kwenye anwani ileile hakihesabiwi mara mbili ndani ya saa 24. Kwenye takwimu za podikasti za Spotify, aliyebonyeza tu si sawa na aliyebaki akisikiliza, kwa hiyo uliza unaonyeshwa namba ipi. Apple ina kipimo kikali zaidi: msikilizaji makini ni yule aliyefikisha dakika 20 au asilimia 40 ya kipindi. Mtazamo wa YouTube ni kitu kingine tena. Ukiona mtu anajumlisha vyote hivi na kukuambia "tuna wasikilizaji 20,000", amekupa jumla ya maembe, mihogo na mabati.

Yale maelfu ya simu kwenye lango moja yanarudi hapa pia. Kwa kuwa wengi wanatoka kwenye anwani moja, na wengi wana simu za toleo moja, mfumo unaweza kuwaona watu wawili kama mmoja. Podikasti yenye wasikilizaji wengi wa bando inaweza kuhesabiwa pungufu. Hilo ni jema kwako unayelipa, baya kwa mwenye kipindi, na ndiyo maana wengine wanapendelea kuuza kwa bei ya jumla ya kipindi badala ya kwa elfu. Usiogope bei ya jumla. Igeuze tu kuwa ya elfu ili uilinganishe.

Na ukionyeshwa takwimu za miaka iliyopita, kumbuka kwamba Septemba 2023, iOS 17 ilipotoka, Apple ilibadili jinsi simu zinavyopakua vipindi zenyewe, na podikasti nyingi duniani zilishuka kwenye takwimu bila kupoteza msikilizaji. Omba miezi mitatu ya karibuni. Omba pia namba ya kila kipindi kimoja ndani ya siku 30 tangu kitoke, siyo jumla ya tangu podikasti ianze.

Ukubwa wa chombo cha asali unachagua podikasti

Hapa ndipo kampeni nyingi zinapofia, na hakuna studio wala sauti nzuri inayoweza kuziokoa. Tuchukue mfano wa kubuni. Podikasti ina upakuaji 4,000 kwa kipindi, mwenyewe anataka shilingi 200,000 kwa kila kipindi, unanunua vipindi vitatu. Umelipa 600,000 kwa upakuaji 12,000, yaani 50,000 kwa kila elfu. Lakini hao 12,000 si watu 12,000. Wengi ni walewale wanaorudi kila wiki. Fanya hesabu yako kwa watu 4,000.

Ukiuza chupa ya nusu lita yenye faida ya 3,000 baada ya usafiri, unahitaji chupa 200 ili urudishe fedha ya tangazo tu. Mtu akichukua chupa mbili, hizo ni oda 100 kutoka kwa watu 4,000: mmoja kati ya kila 40 lazima anunue. Haitatokea. Dumu la lita 5 lenye faida ya 15,000 linahitaji oda 40, mmoja kati ya 100. Bado ni ngumu, ingawa kwa mtangazaji anayependwa sana inaweza kukaribia. Ndoo ya lita 20 yenye faida ya 60,000 inahitaji ndoo 10, mmoja kati ya 400. Hiyo ni biashara.

Sasa jiulize nani ananunua ndoo. Si mwanafunzi anayesikiliza vichekesho usiku. Ni mwenye duka la vyakula, mwenye mgahawa, mama anayefungasha upya na kuuza kwa majirani, kikundi cha kazini kinachogawana. Kwa hiyo podikasti yako ni ya ujasiriamali, ya kilimo, ya afya ya familia au ya akina mama, hata kama ina wasikilizaji 1,500 tu na ile ya vichekesho ina 30,000. Anza na chombo unachouza, kikuonyeshe mnunuzi. Mnunuzi akuonyeshe kipindi. Wengi wanaanza na kipindi wanachokipenda wenyewe.

Nunua vipindi vitatu au vinne mfululizo kwenye podikasti moja kuliko kimoja kimoja kwenye podikasti nne. Msikilizaji wa mara ya kwanza anasikia kwamba kuna asali. Wa mara ya pili anasikia jina. Wa mara ya tatu ndiye anayeshika simu. Nafasi nzuri ni katikati ya kipindi, ila si katikati ya jambo linalowasha moto, maana hapo watu wanaruka mbele kwa hasira. Nafasi ya mwisho kabisa nisingeinunua hata kwa nusu bei.

Maneno

Kiswahili kina maneno marefu. Sekunde 30 zinabeba maneno 50 hadi 60 yakisomwa kwa utulivu. Anayekuandikia maneno 80 anakuandalia mtu wa kukimbia mbio. Namba ya simu isomwayo mara mbili inakula karibu theluthi ya muda wote, na anayeendesha gari hawezi kuiandika. Acha namba kabisa. Taja kitu kimoja unachouza, ushahidi mmoja, utaratibu wa kulipa unaoondoa hofu, na neno moja la kutuma. Mfano:

"Asali nyeusi ya miombo, imetoka Sikonge, haijachemshwa, haijaongezwa sukari. Ndoo moja ya lita ishirini ina kilo ishirini na nane. Inafika stendi ya Magufuli, Mbezi, ukiwa umelipa nusu tu. Nusu nyingine unalipa ukishaiona. Bonyeza kiungo cha kwanza kwenye maelezo ya kipindi hiki, utume neno mzinga kwa WhatsApp. Ndoo nzima, siyo kijichupa. Tuma neno mzinga."

Hayo ni maneno 53. Hofu ya kutapeliwa ndiyo mlango mkubwa uliofungwa kati yako na mteja wa Dar, ndiyo maana sentensi mbili nzima zimepewa malipo ya nusu. Kilo na lita zimetajwa pamoja kwa makusudi: asali ni nzito kuliko maji, na mteja asiyejua hilo atabishana nawe stendi akidhani ndoo ya 20 ni kilo 20.

Ukimpa mwenye podikasti maneno haya, mwambie ayaseme kwa namna yake. Mpe na ndoo ndogo aonje. Akisoma karatasi kama taarifa ya habari umepoteza kile ulicholipia. Vitu vitatu tu asivibadili: neno la kutuma, masharti ya malipo, na madai kuhusu bidhaa.

Neno la kutuma lina siri zake. Epuka maneno yenye r na l, kwa kuwa wateja wako wengine wataandika walivyosikia, na "karanga" itarudi kama "kalanga". Epuka pia dh na th. "Mzinga", "nyuki", "ndoo" ni salama. Kila podikasti ipewe neno lake, maana hilo ndilo litakalokuambia oda imetoka wapi. Wengine hushauri laini tofauti kwa kila tangazo. Usajili wa laini kwa alama za vidole una mipaka, na laini tano ni simu tano za kuchaji. Maneno matano hayakugharimu kitu.

Kurekodi, kama tangazo ni lako mwenyewe

Kwa majukwaa ya muziki utahitaji faili yako. Simu ya kawaida inatosha ikiwa chumba kinatosha. Adui ni mwangwi na bati: chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kinasikika kama choo cha stendi, na mvua juu ya bati haiondoki kwa programu yoyote. Rekodi usiku, chumba chenye godoro na nguo zilizotundikwa, blanketi nyuma ya msomaji na jingine mbele, simu shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili p na b zisipulize. Zima feni na friji. Weka simu kwenye hali ya ndegeni.

Muziki wa chini uwe chini kweli, kama desibeli 15 hadi 18 chini ya sauti ya msomaji. Usianze tangazo kwa ngoma nzito: spika ya simu haitoi besi, na msikilizaji atasikia mgongano wa makopo. Ujazo wa sauti hupimwa kwa LUFS; kwa podikasti lenga LUFS -16 kwa stirio au -19 kwa mono. Spotify huchezesha kwa takriban -14. Audacity, programu ya bure, ina kifaa cha kusawazisha kwa kipimo hicho. Kilele kisipite desibeli -1. Toa MP3 ya kbps 192; sekunde 30 zitakuwa na uzito wa kama KB 720. Andaa na picha ya mraba, pikseli 640 kwa 640, yenye maneno machache na neno lako la kutuma, kwa sababu mtu akichungulia simu ndicho atakachoona.

Jaribio la mwisho linafanyika nje ya hedifoni. Cheza faili kwenye simu ya bei nafuu ndani ya bajaji inayotembea. Neno la kutuma likipotea, msomaji alirudie polepole zaidi.

Njia ya jibu

Kiungo cha WhatsApp hutengenezwa kwa wa.me, mkwaju (/), halafu namba ikianza na 255 bila jumlisha wala sifuri. Unaweza kuongeza ujumbe uliotangulia kuandikwa, ili mteja akibonyeza akute "MZINGA" limeshaandikwa na abaki kutuma tu. Hapo hata makosa ya tahajia yanaisha. Mwenye podikasti akiweke mstari wa kwanza wa maelezo, juu ya salamu na juu ya mitandao yake yote. YouTube huonyesha mistari michache kabla ya kukunja maelezo, na kiungo kilicho chini ya hapo hakipo. Kwenye YouTube kiwekwe pia kwenye maoni yaliyobandikwa juu, na mwenye chaneli aweke alama ya kwamba video ina tangazo la kulipiwa. Ni sharti la jukwaa.

WhatsApp Business ina ujumbe wa salamu, majibu ya haraka na lebo. Vitumie vyote vitatu kabla ya siku ya kwanza. Salamu itaje bei, uzito, siku za kusafirisha na Lipa Namba yenye jina la biashara linalolingana na jina lililosikika kwenye tangazo. Jina likitofautiana, mteja anasita na ana haki. Lebo ziwe kwa neno: Mzinga, Nyuki, Ndoo. Watu husikiliza usiku na asubuhi safarini, kwa hiyo ujumbe mwingi unaingia wakati duka limefungwa. Anayejibiwa kesho yake mchana mara nyingi ameshapoa.

Na mzigo uwepo. Ndoo 30 ni kilo 840 za asali. Kama zote ziko kwa warinaji vijijini Sikonge na barabara imelowa, usianzishe tangazo. Mifuniko ipigwe gundi ya karatasi kuzunguka, kila ndoo iandikwe jina na simu ya mpokeaji pande mbili, risiti ya basi ipigwe picha na kutumwa kwa mteja kabla basi halijatoka stendi. Ndoo moja ikivuja kwenye buti la basi, wiki ijayo hawapokei mzigo wako.

Majira

Tabora ina mavuno makubwa ya asali baada ya mvua kuisha, takriban Mei hadi Julai. Kipindi kinatakiwa kurekodiwa wiki kadhaa kabla ya kutoka, kwa hiyo mazungumzo na mwenye podikasti yaanze Machi au Aprili, wakati huna asali mkononi. Ndiyo wakati wa kumpelekea ya mwaka jana aonje.

Kwa dagaa wa Kigoma kalenda ni ngumu zaidi. Wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali boti nyingi hupumzika. Mvua za Novemba hadi Aprili zinaharibu uanikaji. Juu ya hayo, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aliyekuwa na tangazo la kudumu linalosema "dagaa wabichi kutoka ziwani kila wiki" alikuwa anatangaza kitu asichonacho. Muuza dagaa asinunue nafasi bila kuuliza kwanza kama kuna tarehe za kufunga ziwa mwaka huo, na maneno yake yawe ya dagaa wakavu waliohifadhiwa.

Makubaliano, na mambo ya serikali

Karatasi moja inatosha, hata ikitumwa kwa WhatsApp, mradi iwe na tarehe za vipindi, nafasi ya tangazo, urefu, neno la kutuma, mahali pa kiungo, na kwamba mshindani wako hatangazwi kwenye kipindi hichohicho. Weka kipengele cha fidia: kipindi kisipofikia, tuseme, asilimia 80 ya upakuaji ulioahidiwa ndani ya siku 30, anakupa kimoja cha bure. Lipa nusu mwanzo na nusu baada ya kupokea picha za takwimu, siyo za siku ya pili bali za siku ya 30. Dai risiti ya EFD kwa anayepaswa kuitoa, na ulizia mapema kama bei ina VAT ndani au nje.

Madai kwenye tangazo yachunge. Chakula kiko chini ya TBS tangu 2019; usiseme bidhaa ina alama ya ubora kama hujapewa leseni yake. Ukisema asali inatibu vidonda vya tumbo au kisukari umeingia eneo la dawa, ambalo ni la TMDA, na mwenye podikasti mwenye akili atakata sentensi hiyo. Wimbo wa msanii hautumiki chini ya tangazo bila ruhusa yake. Mambo ya hakimiliki yako kwa COSOTA. Namba za wateja zilizokuja kwa WhatsApp ni taarifa binafsi, na sheria yake ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Usiziingize kwenye kundi bila kuuliza, wala usimpe muuza mchele mwenzako.

Kusoma matokeo

Muulize kila mteja alisikia wapi, hata aliyetuma neno. Wapo watakaosema "kwa rafiki", na ukidadisi rafiki huyo ndiye msikilizaji. Hesabu hao pia, kwa safu yao peke yao.

Usidanganyike na tofauti ndogo. Neno moja likileta oda saba na jingine nne, hujajifunza chochote. Namba hizo zinaweza kugeuzwa na mteja mmoja mwenye ndugu watatu. Ukitaka kulinganisha matangazo mawili, badili kitu kimoja tu, na usubiri angalau oda makumi kadhaa kwa kila upande. Ukibadili mtangazaji, bei na maneno kwa pamoja, hutajua kilichofanya kazi. Kwenye YouTube mwombe mwenye kipindi akuonyeshe mchoro wa jinsi watazamaji wanavyobaki. Ukiporomoka hasa kwenye dakika ya tangazo lako, tatizo ni usomaji. Ukiwa umeporomoka dakika tano kabla, tatizo ni kipindi chake, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei.

Oda za podikasti huja kwa mkia mrefu. Nyingi hufika wiki ya kwanza, kisha moja moja kwa miezi, hasa tangazo likiwa la kudumu. Funga hesabu siku ya 30 kwa kumlipa mwenye kipindi, na siku ya 90 kwa kuamua kama unarudi kwake. Kwa mfano wetu wa ndoo 10, ukifika siku ya 90 na ndoo nne, achana na podikasti hiyo hata kama mwenyewe ni mtu mzuri. Ukifika na nane au tisa, baki naye, badilisha usomaji, omba nafasi ya katikati. Ukipita kumi, nunua vipindi vingine vitatu kwa neno jipya, na lile la zamani liache hai kwenye simu yako, kwa sababu bado kuna watu ndani ya mabasi wanaosikiliza kipindi cha miezi minne iliyopita.